Yaliyotokea yabaki yametokea: Star Fox na mashabiki wake

Maneno haya niliyasema mbele ya mkusanyiko wa wachezaji na watengenezaji wa gemu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wachezaji wenzangu, na ninyi vijana mnaotengeneza gemu ambao leo mmejaza safu za mbele, ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kuja.

Nataka tuanze na dakika moja tu. Waliokuwepo watanisaidia kukumbuka, na ambao hamkuwepo fumbeni macho.

Mwaka ni 1997. Gemu ni Star Fox 64 ya Nintendo, gemu ya mapigano ya angani ambamo wewe ni Fox McCloud, mbweha rubani anayeongoza kikosi kiitwacho Star Fox. Umeshika padi, dole gumba linauma. Umepita njia ngumu, ile ya Area 6, ukaiacha ile nyepesi ya Bolse. Umefika sayari ya Venom, umewashinda Star Wolf, kile kikosi cha marubani wapinzani, umezama chini kwenye ngome ya Andross, adui mkuu, na kupigana na ubongo wake unaoelea hewani na macho yake mawili. Umemmaliza. Ngome inaanza kulipuka. Uko peke yako kwenye mahandaki ya giza, moto unakufukuza kwa nyuma, na hujui utokee wapi. Ndipo mbele yako inatokea ndege nyingine. Ni ya baba yako, James McCloud, ambaye mwanzoni kabisa mwa gemu uliambiwa kwamba alisalitiwa na hakurudi tena. Anakwambia, "Usikate tamaa kamwe, mwanangu." Unamfuata. Yeye akikata kona, nawe unakata. Mnatoka nje kwenye mwanga. Anakwambia umekuwa na nguvu sana. Ukitazama tena, hayupo.

Wenzako wanauliza kama kuna tatizo. Fox anajibu kwamba hakuna.

Basi. Hakuna maelezo, wala mtu wa kuja kukufafanulia kama ulichokiona kilikuwa mzimu, ndoto au mtu hai. Sasa nawauliza, ndugu zangu: kwa nini watu wazima, wenye kazi na familia, bado wanabishana juu ya dakika hiyo mpaka leo? Na kwa nini gemu hiyohiyo ilipofufuliwa mwaka 2016 kwa jina la Star Fox Zero, watu haohao walioisubiri miaka na miaka waliipokea kwa moyo mzito?

Nimesikia jibu jepesi mara nyingi: mashabiki hawaridhiki. Nimelisikia kwa waandishi, nimelisikia kwa watengenezaji, na siku nyingine nimelisikia kwa mashabiki wenyewe. Nimekuja kulikataa mbele yenu. Mashabiki wa Star Fox wanaomba kitu kimoja, tena kidogo: kilichotokea kibaki kimetokea.

Nieleze.

Wengi hudhani gemu ya mapigano ya angani haina hadithi. Utasimulia hadithi saa ngapi wakati risasi zinanyesha? Lakini tazameni jinsi Star Fox 64 ilivyosimulia. Pembeni ya kioo kinatokea kisanduku kidogo chenye uso wa mhusika, mdomo unachezacheza, sentensi moja inasikika, kisha kinapotea. Chura Slippy anapiga kelele umtoe adui mgongoni. Sungura Peppy anakwambia ubingirike. Falco, ukimwokoa, anashukuru kama mtu aliyelazimishwa. Na Peppy, ukimwokoa yeye, anakwambia kwamba baba yako pia alikuwa akimsaidia hivyo hivyo. Sentensi moja! Vidole vyako viko kazini, macho yako yanatafuta adui, na katikati ya hapo mzee huyu anakukumbusha kwamba alipigana bega kwa bega na baba yako, na kwamba alikuwepo siku ile ya usaliti, akatoroka na kurudi kukupa habari.

Kisha kuna jambo la hatua iitwayo Sector X, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Mwishoni mwa Sector X kuna bosi, dude la chuma lenye umbo la mtu. Pambano likikolea, Slippy anajipeleka mbele kwa kiherehere chake, na dude linampiga kofi. Ukiwahi kulishinda kabla ya hapo, safari inaendelea. Ukichelewa, Slippy anarushwa mpaka sayari ya Titania, jangwa tupu, na hatua yako inayofuata haichaguliwi tena na wewe: unakwenda Titania kumtafuta. Sasa sikilizeni hili. Slippy ndiye anayepima nguvu za mabosi. Akiwa hayupo, ule mstari unaokuonyesha bosi amebakiza uhai kiasi gani haupo pia. Unapigana gizani. Kila risasi unayoipiga inakukumbusha kwamba mwenzako hayupo, na kwamba hayupo kwa sababu ulichelewa.

Mnaona? Gemu inakumbuka. Hata mwenzako wa kawaida ndege yake ikiharibika vibaya, anarudi kwenye meli kuu, na hatua inayofuata anakosekana kwa sababu ndege iko kwenye matengenezo. Gemu hii iliwafundisha watoto wa wakati ule kwamba jambo likitokea, limetokea, na unabeba uzito wake mpaka hatua ya mbele. Hao watoto walikua na somo hilo mkononi. Leo tunawashangaa kwamba wanalidai?

Wapo wanaoniambia, lakini ile Zero ilikuwa heshima kwa ya zamani. Nakubali nia ilikuwa njema. Star Fox imejaa mambo ya heshima tangu mwanzo. Shigeru Miyamoto wa Nintendo ameeleza kwamba wazo la mbweha lilitokana na hekalu la Fushimi Inari kule Kyoto, jirani na kampuni yake, ambako mbweha wa mawe wamekaa macho na wengine wameshika ufunguo mdomoni, na malango mekundu maelfu yamepangwa mpaka juu mlimani. Unapita chini ya lango, na lango jingine, na jingine. Sasa kumbukeni hatua ya kwanza ya Star Fox 64, pale kwenye sayari ya Corneria, kuna matao ya mawe yamesimama juu ya maji. Ukiyapita yote, na Falco akiwa hai, anakuita umfuate, anakupeleka nyuma ya maporomoko ya maji, na njia mpya inafunguka. Niliposoma habari za Fushimi Inari nilifungua gemu usiku uleule nikapita matao yale polepole, nikiwaacha maadui waende zao. Nilikuwa nimeyapita mamia ya mara bila kujua kwamba napita malangoni.

Kwa hiyo sina ugomvi na kurudi nyuma. Kurudi mahali ni jambo jema. Ugomvi ni kurudi na kujifanya hakuna aliyewahi kupita.

Sasa tuingie kwenye mwaka 2016 wenyewe.

Star Fox Zero ilitengenezwa na Nintendo pamoja na studio ya PlatinumGames kwa ajili ya mashine ya Wii U. Miyamoto alisema wazi kwamba si mwendelezo na si hadithi ya kabla. Ni ileile iliyosimuliwa upya: Andross amefukuzwa, James amepotea, Fox anarithi kikosi, safari inaanzia Corneria na kuishia Venom. Mjadala mwingi ulimezwa na namna ya kuichezea, kwa maana ilibidi uangalie vioo viwili kwa wakati mmoja, kimoja ukutani na kimoja mikononi, na wengi waliona shida. Hayo yamesemwa vya kutosha, nayapita.

Mimi nataka kumzungumzia Peppy.

Peppy wa 1997 alikuwa rubani mkongwe. Katika Star Fox Adventures ya mwaka 2002, hadithi inayotokea miaka 8 baadaye, ameshaacha urubani na anatoa ushauri akiwa melini. Katika Star Fox Assault ya mwaka 2005 anaipeleka Great Fox, meli ambayo ndiyo nyumba ya kikosi kizima, anaigongesha makusudi ili kuvunja ngao ya adui na kuwafungulia vijana njia. Tulidhani amekufa. Wapo waliolia, na siwataji maana wamo humu ndani. Katika Star Fox Command ya mwaka 2006 yuko hai, mzee, na amekuwa jenerali wa jeshi la Corneria. Slippy naye amepata mchumba. Ni maisha hayo. Kidogokidogo, gemu baada ya gemu, sungura yule alizeeka mbele ya macho yetu kama mjomba anavyozeeka.

Halafu kikapita kimya. Mwaka 2011 ile ya 64 ilirudishwa kwenye Nintendo 3DS ikiwa imepambwa upya, lakini hadithi mpya haikuja. Miaka 10 nzima kutoka Command. Na Zero ilipofika, Peppy alikuwa amekaa tena kwenye kiti cha rubani. Great Fox ni nzima. Ujenerali haukuwepo. Uzee haukuwepo. Krystal, yule mbweha wa kike tuliyekutana naye kwenye Adventures, ambaye kwa mashabiki wengi alikuwa nusu ya sababu ya kusubiri, hayumo kabisa.

Jiulizeni, ungejisikiaje? Umeondoka nyumbani ukamwacha mzee wako ana mvi. Umerudi baada ya miaka 10, unamkuta kijana, anakuchekea, na hakukumbuki.

Ndiyo maana nasema hasira ile haikuwa ya watu walioharibiwa kwa kudekezwa. Ilikuwa huzuni. Na huzuni hiyo iligawanyika pande mbili, na pande hizo zimegombana miaka mingi zikidhani ni maadui. Upande mmoja unasema: endeleeni kutoka Assault, tupeni Fox mtu mzima, tupeni Krystal, tuambieni nini kiliendelea. Upande mwingine unasema: Adventures na Command ziliharibu kila kitu, ile ya 64 ilikuwa kamili, iacheni. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu. Wote wanasema neno moja. Wa kwanza wanasema msifute ya 2005. Wa pili wanasema msifute ya 1997. Hakuna hata mmoja aliyesema futeni.

Sasa Command yenyewe, maana naona nyuso zinabadilika nikiitaja tu.

Command ina miisho tisa. Kwenye mmoja Fox ana mtoto wa kiume, Marcus. Kwenye mwingine Fox na Falco wanaacha vita na kuwa madereva wa mashindano. Kwenye mwingine Krystal anabadili jina na kuwa mwindaji wa wahalifu kwa malipo, mpweke, amejaa uchungu. Upi ni wa kweli? Gemu haikusema, na Nintendo nayo haikuchagua. Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi yenu hamtaupenda: miisho tisa isiyochaguliwa ni namna nyingine ya kufuta. Kofi la Sector X lilikuwa na maana kwa sababu ya Titania. Ukiniambia Fox ameoa, na hajaoa, na amekuwa dereva, basi hujaniambia kitu juu ya Fox.

Lakini hapohapo naomba tuseme ukweli juu yetu sisi mashabiki. Baada ya Command, watu walitukana. Walitukana watu waliotengeneza gemu ile kama vile wameiba. Je, mnajua ni nani aliyekuwa nyuma yake? Ni Q-Games, studio ya Dylan Cuthbert. Cuthbert ni Mwingereza aliyekwenda Kyoto akiwa kijana mdogo kutoka kampuni ya Argonaut, na yeye na wenzake ndio walioshirikiana na Nintendo kuijenga Star Fox ya kwanza ya mwaka 1993, kwa msaada wa ile chipu ya Super FX iliyowekwa ndani ya kaseti yenyewe ili Super Nintendo iweze kuchora vitu vya pande tatu (3D) kwa kasi. Mkono uleule! Mkono uliotupa mapenzi haya ndio tuliourushia mawe. Mtu anaweza kukosea kuhusu hadithi, nasi tukamwambia amekosea, bila kumvunjia heshima. Naomba tulishike hilo.

Na Cuthbert huyohuyo anatupeleka kwenye kisa kingine.

Baada ya ile ya kwanza, walitengeneza Star Fox 2. Waliimaliza katikati ya miaka ya 90. Ilikuwa gemu ya ajabu kwa wakati wake: unaona ramani nzima, na wakati wewe unapigana huku, makombora yanaendelea kusogea kule, Corneria inazidi kuumia, na uharibifu ukifika asilimia 100 umekwisha. Kikosi kina marubani wawili wapya wa kike, Miyu na Fay. Ikamalizika, na haikutolewa. Mashine mpya zenye nguvu zaidi zilikuwa zinakuja, na Nintendo haikutaka ilinganishwe nazo. Gemu nzima ikafungiwa kabatini.

Mashabiki walifanya nini? Toleo ambalo halijakamilika lilivuja, wakalitafsiri wenyewe kutoka Kijapani, wakalicheza, wakawachora Miyu na Fay mwaka baada ya mwaka kana kwamba ni watu wa ukoo waliohamia mbali. Mwaka 2017 Nintendo ikaitoa rasmi ndani ya ile mashine ndogo ya Super Nintendo, na ilivyofanya ilinigusa: huwezi kuifungua mpaka umalize kwanza hatua ya mwanzo ya Star Fox ya 1993. Pita lango la kwanza, ndipo la pili lifunguke. Hakuna aliyewaeleza wachezaji maana yake, na hapakuwa na haja. Mwaka mmoja tu baada ya manung'uniko ya Zero, mashabiki walewale wanaodaiwa kwamba hawaridhiki walifurahi kwa ajili ya gemu ya miaka zaidi ya 20, yenye picha za pembe tatu zinazokwaruza macho. Kwa sababu ilikuwa imetokea, na hatimaye kuna mtu aliyekiri kwamba ilitokea.

Kuna mfano mmoja zaidi nje ya Star Fox, nao ndio ninaoupenda kuliko yote.

FreeSpace 2 ilitoka mwaka 1999, kazi ya studio ya Volition. Ni mapigano ya angani pia, lakini huku hakuna sungura wala chura. Meli kubwa kama miji, na adui, Shivans, ambaye huelewi anataka nini. Mwishoni adui anaifanya nyota ya Capella ilipuke. Wewe ni rubani wa kawaida, unalinda meli za wakimbizi, saa inakwenda, na unaweza kukimbia kupita mlango wa kutokea, au ukabaki ukilinda mpaka mwanga ukufikie. Gemu inaukubali uamuzi wako wowote kati ya hiyo. Kisha imekwisha, na maswali yote hayajajibiwa. Mwendelezo haukuja.

Mwaka 2002 Volition ikatoa msimbo wa gemu kwa umma. Kwa maneno mengine, mashabiki walikabidhiwa funguo. Wangeweza kufanya lolote: kurudisha Capella, kuifanya hadithi ianze tena wao wakiwa mashujaa. Walikaa chini wakaboresha injini, mwaka baada ya mwaka, wakaandika kampeni mpya kwa mikono yao, za bure, nyingine ndefu kuliko gemu yenyewe. Na katika zile zinazoendeleza hadithi, Capella imelipuka. Wanaandika kuhusu wakimbizi wake. Wanaandika kuhusu rubani aliyebaki. Kidonda wamekiacha wazi na kujenga juu yake.

Nawaambia ninyi vijana wa safu ya mbele, mkipewa siku moja kazi ya kufufua gemu ya zamani, na naomba mpewe: msiogope hadithi iliyotangulia. Haijalishi ni nyepesi kiasi gani, haijalishi ilisimuliwa kwa sentensi moja kwenye kisanduku cha pembeni. Mkitaka Peppy awe rubani tena, mpandisheni ndegeni akiwa mzee, mikono inatetemeka, na mtuambie kwa nini jenerali ameamua kurudi angani. Tutalia wote. Mkitaka Fox mdogo, mpeni mwanawe ndege. Mkiona mwisho mmoja kati ya tisa unafaa, uchagueni, nasi tutakasirika wiki mbili kisha tutawafuata.

Na ile dakika ya mahandaki ya Venom, tafadhali, msiifafanue. Fox aliulizwa na watu anaowaamini kuliko wote duniani kama kuna tatizo, naye hakuwaambia alichokiona. Aliyeona ni yeye, na wewe uliyeshika padi. Ninyi wawili tu.

Muda wangu umekwisha, na tangu nilipomtaja Krystal naona mikono imeinuka. Dada yule wa kule nyuma, mwenye daftari, wewe ndiye uliyetangulia. Karibu.